Muhuri wa Ghala la Kumi na Moja

Mke wa kaka yangu ni mhandisi wa kompyuta, na mimi ni mfamasia. Pengine tungeishia kutaniana jikoni kama mawifi wengine wote, lakini kazi ilitukutanisha. Yeye ndiye anayetunza mitambo ya daftari letu la dawa, na mimi ni msimamizi wa ghala la sita, moja kati ya maghala kumi na moja yanayolitumia. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Nilikuwapo, na mahali nilipokosea nitapasema.

Daftari lenyewe ni blokcheni. Neno hilo huwatisha watu bure. Kila boksi la dawa linapopita mkononi mwa mtu, tangu kiwandani mpaka kwenye rafu, linapigwa skani na habari zake zinaandikwa: namba yake, tarehe, aliyelipokea, nyuzi za joto ndani ya friji. Habari za saa nzima zinafungwa pamoja, nasi tunaliita fungu hilo pingili, kama pingili za muwa. Pingili inapigwa muhuri, ambao ni namba ndefu inayotokana na kila herufi iliyomo. Ukibadilisha hata nukta, muhuri unageuka wote. Halafu kila pingili inabeba ndani yake muhuri wa ile iliyoitangulia. Ndiyo maana mtu hawezi kurudi nyuma akachezea jambo la mwaka juzi bila mnyororo kumuumbua. Na hakuna bosi wa daftari. Nakala nzima iko katika kila ghala. Tangu tulianzishe, dawa bandia zilizokuwa zikituingilia kama mchanga kwenye kiatu zimekuwa zikikamatwa mlangoni.

Ubaya wa kitu kisichosahau ni kwamba kinanenepa. Miaka miwili ya mwanzo daftari lote lingeenea kwenye simu yako. Mwaka wa tatu tukaanza kuweka picha za vipimajoto vya friji za chanjo, friji mia mbili, picha moja kila saa. Hapo ndipo lilipoanza kula diski. Mwaka wa nne wifi alilazimika kubadilisha diski za maghala. Kupakua daftari lote kwa intaneti yetu ya kusuasua kungechukua zaidi ya mwezi kwa kila ghala, kwa hiyo alinakili kila kitu kwenye diski moja ya kubebeka, akaifunga kwa kiblanketi alichokuwa amebakiwa nacho tangu binti yake alipokuwa mchanga, akazunguka nayo ghala kwa ghala. Nilimtania sana.

"Wifi, mtoto huyo wa tatu umempata wapi?"

"Huyu halii na hapendi maziwa," alinijibu. "Kaka yako nampenda, lakini huyu ananitii zaidi."

Maghala kumi tulipokea nakala kutoka kwenye diski ile. La kumi na moja lilikataa. Msimamizi wake ni bwana mmoja mwembamba, mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuutafuta ule wa kusomea. Sisi tulimwita Bwana Ngoja, kwa sababu kila kikao hufungua kinywa kwa "ngojeni kwanza." Alimwambia wifi, kwa adabu, kwamba diski ni nzuri lakini yeye atapakua mwenyewe, pingili moja baada ya nyingine tangu ile ya kwanza, na kompyuta yake itakagua kila muhuri. Ilimchukua siku arobaini na saba. Sisi tulicheka. Ghala la nne lilimtumia ujumbe wa pole kana kwamba amefiwa.

Mwaka wa sita ulipokaribia kumalizika, diski zikafika asilimia tisini na sita. Wifi akapiga hesabu akatwambia: wiki tisa. Baada ya hapo hakuna skani itakayoingia, na chanjo zitasimama milangoni.

"Si ununue diski kubwa zaidi?" nilimuuliza. Tulikuwa kwake Jumapili, kaka yangu akikaanga mayai.

"Diski nitapata. Lakini ghala jipya likitaka kujiunga litapakua kwa siku mia na zaidi. Nani atangoja siku mia? Hili limekuwa zito mpaka hakuna anayelinyanyua mwenyewe. Inabidi tupogoe."

Kupogoa kulikuwa hivi. Kila ghala lingepiga muhuri mmoja mkubwa wa daftari lote, tangu pingili ya kwanza mpaka mwisho wa mwaka wa tano. Mihuri yote kumi na mmoja ikilingana, tungejua nakala zetu ni kitu kimoja. Hapo tungeondoa picha na maelezo ya zamani, tubaki na muhtasari na mihuri, na maghala matatu yangepewa diski kubwa yatunze daftari zima. Mpango mzuri. Tukaupitisha bila kelele.

Kompyuta zilianza kazi Jumamosi, na Jumatatu asubuhi tukaanza kusomeana mihuri kwa simu. Herufi na tarakimu za mwanzo zilitosha. Ghala la kwanza: saba, c, nne. La pili: saba, c, nne. Langu hivyo hivyo. Tulipofika la kumi, watu walikuwa wameshaanza kupongezana. Halafu sauti ya Bwana Ngoja ikasema, polepole: "E, moja, tisa."

"Rudia," akasema mwenyekiti wetu.

"E, moja, tisa. Nimesoma mara tatu, na miwani yote miwili."

Siku mbili baadaye tukaitwa kikaoni katika ghala la kwanza, chumba kile chenye meza ndefu na feni inayolia. Mwenyekiti ni mtu mwenye haraka, na siwezi kumlaumu, maana chanjo hazingoji. Alisema nakala kumi zinalingana, moja imepotoka. Ifutwe, iwekwe nakala ya wengi, tusonge mbele. Mtu mmoja akaongeza kwamba huenda kuna aliyeichezea. Hakutaja jina, lakini macho yote yalikwenda upande mmoja.

"Ngojeni kwanza," alianza Bwana Ngoja, na chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka. Akakusanya karatasi zake. "Mnanihukumu kabla hamjafungua mlango," alisema, akatoka.

Mwenyekiti akaitisha kura. Wengi wape, alisema. Nikanyoosha mkono. Mikono kumi ilikuwa juu. Wifi hakuwa na kura, lakini alisimama.

"Muhuri haupigiwi kura," alisema. "Nipeni siku nne nijue ni pingili ipi inayotofautiana, na kwa nini. Mkifuta sasa hatutajua kamwe."

"Na ukikuta ameichezea?"

"Nitasema. Na nikikuta kingine, nitasema hicho."

Alipewa siku nne. Alitaka shahidi kutoka kwenye yale maghala kumi, na mimi nikajitolea. Nisijisifu bure: nilikwenda nikiamini tunakwenda kumkamata mtu.

Safari ya gari ilikuwa ya saa sita. Kaka yangu alitufungia mikate na chai kwenye chupa, akamwambia mkewe, "Nenda salama, na umrudishe dada yangu akiwa na akili kidogo."  Njiani wifi alikuwa na daftari la karatasi mapajani, anachora mistari na kuikata katikati.

Tulimkuta Bwana Ngoja kwenye ngazi za ghala lake, funguo mkononi. Hakufungua.

"Mmekuja kunifuta?"

"Nimekuja kukagua, kaka," wifi alisema.

"Kunikagua mimi?"

"Kutukagua sote. Nimemleta huyu wa ghala la sita. Nakala yake iko kule, msaidizi wake yuko kwenye simu. Kila nitakachoiuliza yako, nitaiuliza yake pia."

 Bwana Ngoja akafungua. Ndani palikuwa safi kuliko ghala langu, na mimi najiona msafi. Kila rafu ilikuwa na lebo iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi zilizosimama wima, na juu ya seva kulikuwa na feni ndogo aliyoitengeneza kwa waya na kibao ili mashine isipate joto. Ukutani kulikuwa na karatasi arobaini na saba, moja kwa kila siku aliyokuwa akipakua, na kwenye kila karatasi pingili alizokagua siku hiyo. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Nilizisoma moja moja, nikakumbuka nilivyocheka kikaoni.

Njia ya wifi ilikuwa rahisi mpaka inakera. Daftari la miaka mitano lilikuwa na pingili elfu arobaini na tatu na mia nane. Alilikata katikati. Kompyuta ya hapa na ile ya kwangu zikapiga muhuri wa nusu ya kwanza. Saa tano nzima. Zilipomaliza, msaidizi wangu akasoma, wifi akasoma, haikulingana. Basi tofauti iko humo. Akaikata nusu ile vipande viwili. Kipande cha kwanza kikalingana, saa mbili na zaidi zimekwenda. Basi iko kwenye cha pili. Tukafunga jua lilipozama, tukalala nyumba ya wageni, tukarudi asubuhi. Akakata tena. Kila mara kipande kilikuwa kifupi zaidi na muda mfupi zaidi: saa moja, nusu saa, robo saa, dakika saba. Bwana Ngoja alikuwa ameleta kiti akidhani anakaa mbali nasi; kufikia saa nne asubuhi kiti kilikuwa kimebanana na cha wifi, naye ndiye aliyekuwa akisema, "Kata. Kata tena."

Mara ya kumi na sita ikabaki pingili moja. Namba elfu kumi na tisa, mia tatu na sita. Ya mwaka wa tatu.

Wifi aliifungua ya hapa upande wa kushoto wa kioo, na ya kwangu, iliyotumwa na msaidizi wangu, upande wa kulia. Tulizisoma mstari kwa mstari kwa vidole. Zilikuwa sawa, sawa, sawa, hadi kwenye friji moja ya chanjo, saa nane mchana. Ya Bwana Ngoja ilisema nyuzi 8. Yangu, na ya maghala mengine tisa, ilisema nyuzi 0. Nyuzi nane ni salama kwa chanjo; sifuri huweza kuigandisha na kuiharibu.

"Hapo!" nilisema. "Kaandika nane!"

 Bwana Ngoja alivua miwani.

"Tulia, wifi," alisema mke wa kaka yangu. "Pingili inayofuata imebeba muhuri wa hii, uliopigwa siku ile ile. Tuupige upya tuone nani anafanana nao."

Aliupiga muhuri wa pingili yangu kwanza. Namba ndefu ikatokea. Akaiweka chini ya ile iliyoandikwa kwenye pingili ya elfu kumi na tisa, mia tatu na saba. Hata tarakimu ya kwanza haikufanana. Kisha akapiga ya Bwana Ngoja. Zilikuwa moja, mwanzo mpaka mwisho. Alizisoma kwa sauti zote, tarakimu sitini na nne, akimwomba mwenye ghala afuatilie kwa kalamu. Halafu akafungua picha ya kipimajoto cha saa ile. Ilikuwa na ukungu kidogo, lakini mtoto wa chekechea angeisoma. Nane.

Nisingeamini kama nisingekuwa pale. Watu kumi, kura kumi, mwenyekiti na meza yake ndefu, wote tumekosea, na tarakimu moja ndani ya mashine ya mtu tuliyemcheka imetukatalia. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini watu walihangaika kubuni kitu kama hiki. Hakijali wewe ni nani wala mko wangapi.

"Lakini," nilisema, "maghala kumi yatakosea vipi tarakimu ile ile?"

 Wifi aliegemea kiti. Nilimwona akitembea kichwani mwake, kurudi mwaka wa nne.

"Hayakukosea mara kumi," alisema. "Yalikosea mara moja. Yalinakiliwa kutoka diski moja."

"Diski ya nani?"

"Yangu."

Akatueleza. Alipokuwa akinakili daftari kwenye diski yake, mahali fulani chembe moja ya habari iligeuka, pengine waya mbovu, pengine diski yenyewe. Ndani ya mashine, nane na sifuri vinatofautiana kwa chembe moja tu. Kompyuta za maghala zingegundua kosa hilo mara moja kama zingekagua. Lakini kukagua kila pingili kungechukua siku tisa kwa ghala, na yeye, kwa kutuhurumia, alikuwa amezima ukaguzi wa pingili za zamani. Seva za mwanzo, ambako Bwana Ngoja alipakua, zilipokufa, nazo zilirudishwa kutoka kwenye nakala hizo hizo. "Daftari lilikuwa zito," alisema, "nikawabebea. Na nilipowabebea mkaacha kulipima. Mimi ndiye niliyewazoesha."

Bwana Ngoja alikuwa na haki ya kusema neno hapo. Wengi wetu tungelisema. Yeye alikwenda kuchemsha maji ya chai.

Tuliporudi mwenyekiti alitupokea ofisini kwake, akasikiliza, akafunga mlango.

"Ni tarakimu moja," alisema. "Friji yenyewe ilishakufa. Chanjo zile zilishatumika. Mwekee wa kumi na moja nakala ya wengi, tupogoe, na wewe heshima yako ibaki. Nakusaidia."

"Ninakushukuru, mwenyekiti," wifi alisema. "Lakini tukipogoa na sifuri ile ndani, picha ya nane tutaifuta sisi wenyewe kwenye maghala kumi, na muhtasari tutautia muhuri wa uongo. Kesho mtu akiuliza kwa nini chanjo iliyoganda ilitolewa kwa watoto, daftari litamshtaki muuguzi ambaye hakukosea. Siwezi."

"Watasema ni kosa lako."

"Ni kosa langu."

Kikao kikaitishwa tena. Chumba kile kile, feni ile ile. Alisimama bila karatasi. Hakuanza na ufundi, wala hakusema "kulitokea hitilafu," kama tunavyosema sote tukitaka kosa lisiwe na mwenyewe. Alisema: "Nakala zenu kumi zina kosa, na nililileta mimi. Nilizima ukaguzi bila kuwauliza. Nakala sahihi ni moja, ya ghala la kumi na moja, kwa sababu msimamizi wake alikataa kuniamini, na alifanya vizuri."

 Nikasimama na mimi, nikamwomba Bwana Ngoja radhi kwa mkono niliounyoosha na kwa kicheko. Mmoja mmoja wengine wakafuata, mpaka aliyetuma ule ujumbe wa pole. Bwana Ngoja alikuwa mwekundu wa macho.

"Ngojeni kwanza," alisema. Safari hii hakuna aliyecheka. "Huyu mama angeweza kunifuta mimi akalala usingizi. Kama mnataka kumwondoa kwenye mitambo, mimi nitahesabu mikono, na wangu hautakuwepo."

Hakuna aliyeinua mkono.

Kilichofuata kilikuwa kazi. Pingili iliyoharibika ikarudishwa kutoka nakala yake. Kisha kila ghala likawasha ukaguzi na kuanza upya tangu pingili ya kwanza, muhuri kwa muhuri. Kwa kuwa daftari lilikuwa limekua tangu wakati ule, ilichukua siku ishirini na mbili, diski zikijaa huku tunatazama. Wifi alikuwa kwenye simu tangu asubuhi: huyu mashine yake imepata joto, yule umeme umekatika, wa tatu amechomoa waya akitafuta pa kuchajia simu. Bwana Ngoja aliwatumia wote mchoro wa feni yake ya waya na kibao. Ghala la saba waliitengeneza ikawa inatoa mlio kama mbuzi, lakini ilipoza.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu tuliposomeana mihuri tena. Safari hii tuliomba la kumi na moja lianze. "E, moja, tisa," akasema. La kwanza: e, moja, tisa. La pili. La tatu. Ilipofika zamu yangu nilisoma tarakimu zote sitini na nne, mwenyekiti akaniacha nimalize.

Tukapogoa mchana ule. Nambari ya diski yangu ilishuka kutoka asilimia tisini na nane hadi kumi na tisa, mfanyakazi wangu wa mapokezi akapiga makofi kana kwamba mtu amefunga bao. Daftari zima linatunzwa sasa katika maghala matatu, moja likiwa la Bwana Ngoja, na tumeweka sharti kwamba kila mwaka ghala moja, kwa kura ya bahati, lipakue lote tangu mwanzo na kulikagua lenyewe, hata ikichukua miezi. Wifi ndiye aliyelileta sharti hilo. Alisema fundi anayeaminiwa bila kupimwa ni hatari kuliko diski mbovu. Nimefanya kazi na watu wengi wenye akili kuliko yangu, na wengi wao nimewaona wakitumia akili hiyo kukwepa sentensi moja fupi aliyoisema yeye mbele ya watu kumi na mmoja.

Siku hizi yeye na Bwana Ngoja wanabishana. Yeye anataka picha ya friji ichukuliwe joto linapobadilika tu, ili daftari lisinenepe tena. Bwana Ngoja anataka kila saa, hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu ukimya nao ni ushahidi. Wanapigiana simu mara tatu kwa wiki. Kaka yangu anasema akimsikia mkewe anasema "hapana, kaka, nisikilize," anajua chakula cha jioni atapika yeye. Mwezi uliopita suala lilikuja kikaoni, mwenyekiti akataka kura. Wote wawili wakasema kwa pamoja kwamba hawataki kura. Wanataka friji kumi zijaribiwe kwa miezi mitatu, kwa njia zote mbili, halafu tutazame. Tano kati ya hizo ziko kwangu. Nimeshazibandika lebo.